Siku Nilipokuwa Seli T Sokoni Kamembe

Mimi ni fundi wa nguo. Nashona na baba yangu mdogo kwenye baraza ndefu nyuma ya soko la Kamembe, ambapo mafundi tumepanga vyerehani vyetu kama madawati darasani, kila mmoja akiona kisogo cha mwenzake. Kwa muda mrefu nilipenda kushona mashati ya watoto kuliko kitu kingine, kwa sababu mtoto haulizi maswali. Mama yake ndiye anayeuliza, na mama akiuliza, baba mdogo hujibu. Mimi hubaki na pini mdomoni. Pini ni rafiki mkubwa wa mtu mwenye haya. Ukiwa nazo mdomoni hakuna anayekudai neno.

Siku moja alikuja muuguzi wa kituo cha afya kupima koti lake jeupe. Alikulia Bukavu, ng'ambo ya mto wa mpakani, akarudi na wazazi wake akiwa msichana mkubwa, na Kiswahili chake kimebaki na mwendo wa kule, wa haraka, wenye Kifaransa katikati. Mimi nilimwita dada. Nilikuwa nimepiga magoti nikipinda pindo la koti, yeye akazungumza na baba mdogo juu ya kichwa changu.

"Papa, niko nafanya tiatri, muchezo wa chanjo, ku soko. Natafuta muntu mumoja. Muntu wa kutembea tu, kugusa bintu na kunyamaza."

"Kunyamaza?" Baba mdogo akasimamisha cherehani. "Basi acha kutafuta. Yuko kwenye miguu yako. Huyu tunaishi naye nyumba moja, hata akiwa na njaa hasemi, tunamjua kwa kuangalia sahani."

Mafundi wote wakacheka. Dada akainama kunitazama. Nikataka kukataa, lakini nilikuwa na pini mdomoni.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa seli T.

Tulifanya mazoezi kwenye ua wa kituo cha afya, jioni baada ya kazi. Tulikuwa vijana wachache, na miongoni mwetu motari mmoja mnene, mwenye pikipiki ya abiria, ambaye alikuja kwa sababu alisikia kutakuwa na fanta. Dada alituketisha kwenye nyasi akaanza kueleza. Mimi niliishia shule ya msingi, na huko tulifundishwa kwamba mwili una askari, basi. Hatukuambiwa askari wanajuaje.

"Kila seli ya mwili ni duka la fundi," dada alisema. Alikuwa amekaa barazani kwetu siku ile akisubiri koti lake, na macho yake yalikuwa yameiba kila kitu. "Ndani munashonwa protini. Hizo njo nguo. Lakini seli haiwezi kutoa nguo nzima inje ionwe. Inachukua nguo zake, za zamani, na mpya zilizoharibika kwenye kushona, inazikata vipande. Vipande bidogo bidogo."

"Inaharibu nguo zake yenyewe?" motari aliuliza.

"Kila siku. Saa hii, mu tumbo yako, ziko zinakata."

Motari akajishika tumbo kwa mikono miwili, akasikiliza.

Vipande hivyo, dada alisema, hupitishwa kwenye kimlango hadi chumba cha ndani, na humo kuna vibao. Seremala jirani alikuwa ametutengenezea. Kila kibao kilikuwa na mfereji katikati, na ndani ya mfereji matundu mawili. Mimi nilikuwa nimekata vitambaa vyembamba na kuvifunga vifundo. Vifundo vikiangukia kwenye matundu, kitambaa kinakaa kama kilizaliwa pale. Vikikosa matundu, kinalegea. Kikiwa kirefu kupita mfereji, ncha yake inapunguzwa hadi kiingie. Na kibao kisichopata kitambaa hakipelekwi nje, na kikipenya nje kwa bahati, hakidumu, kinaanguka.

Halafu alituonyesha kazi iliyonifurahisha kuliko zote. Kando ya kibao hukaa mkaguzi, naye ni protini mwenye kazi moja tu ya kuvuta. Kitambaa kikikaa, anakivuta kidogo. Kikitoka, anakitupa na kuacha kingine kijaribu. Anavuta, anatupa, anavuta, anatupa, hadi kipatikane kinachoshika kweli. Hapo ndipo anaachia kibao kiende mlangoni, nje ya seli, kikaning'inie na kitambaa chake kama sampuli kwenye mlango wa fundi.

Dada alimpa motari kazi ya mkaguzi. Lilikuwa kosa kubwa. Kuanzia jioni ile motari alivuta kila kitu. Alivuta vifungo vya mashati yetu, akavuta kofia za abiria wake, akavuta mkate kutoka mkononi mwa mtu akisema, "Ona, haijashika."

Kisha akauliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nalo. "Sasa nani anachagua vipande bya hatari? Bya virusi?"

"Hakuna," dada alisema.

"Hakuna namna gani?"

"Seli haijue. Virusi akiingia, anashona nguo zake na cherehani zile zile za duka. Nazo zinakatwa. Kipande cha virusi na kipande cha nyumbani, wewe unavuta sawasawa. Hauulizi kimetoka wapi. Chenye kushika, kinatoka inje. Njo hivyo tu."

"Kwa hiyo mimi ni mjinga."

"Wewe ni mjinga mwenye kazi muzuri."

"Na nani anajua?"

Dada akanionyesha kwa kidole. "Yeye. Seli T. Njo askari mwenye kupita inje, anagusa bipande."

Nilicheka. Nilicheka hadi nikalala kwenye nyasi, na sijui hata leo kilichonichekesha. Nadhani ilikuwa furaha ya kuwaza kwamba wakati ule ule, kwenye masikio yangu, kwenye visigino, kwenye ini la motari, vitambaa vilikuwa vinaning'inia milangoni, elfu kwa elfu, karibu vyote vya nyumbani tu, na kuna watu wanapita wakigusa, wanasema kimoyomoyo, wetu, wetu, wetu, wanaendelea na safari. Hawana la kusema. Kazi nzima ya kugusa na kunyamaza! Sikujua kwamba ndani ya mwili kuna kazi iliyoumbwa kwa ajili yangu.

Siku zilizofuata nilitembea Kamembe kama mtu aliyepata bahati. Msikitini, tulipojipanga safu bega kwa bega, niligusa bega la mzee wa kushoto na bega la kijana wa kulia nikawaza, wetu, wetu, na ilinibidi niume ulimi nisicheke kwenye sala. Barazani nilipima wateja nikiwaza kwamba vibao vya huyu mama haviko sawa na vyangu. Dada alikuwa ametuambia hilo pia: matundu ya vibao vyangu si matundu ya vibao vyako, ndiyo maana kipande kinachokaa vizuri kwako kwangu kinaweza kuanguka, na ugonjwa unaomlaza mmoja mwingine anautembea nao. "Ndiyo maana Mungu hakutushona kwa patroni moja ya kukatia nguo," baba mdogo alisema nilipomweleza. Nilimweleza kwa maneno mengi. Alisimamisha cherehani akanitazama kama mtu anayeona mbuzi akisoma gazeti.

Baada ya hapo nilijifunza kutembea. Seli T haitembei kama askari, dada alisema, inapapasa, inazunguka, inarudi, inasogea tena. Nilikuwa naingia kati ya wenzangu walioshika vibao, napeleka vidole kwenye kitambaa, nasimama, nasikiliza kwa vidole, naondoka. Fundi anajua kitambaa kwa vidole. Wenzangu waliacha kucheka wakaanza kutazama.

"Muzuri kabisa," dada alisema. "Sasa fanya ile ya kelele."

"Kelele gani?" nilisema kwa sauti ndogo hivi.

Kumbe kulikuwa na kelele. Seli T ikigusa kipande ambacho si cha nyumbani, na imehakikisha, haiondoki tena. Inaiamuru seli ile ijifunge, ife na kilichomo ndani yake. Dada alikuwa ameandika maneno. Hakutaka neno la kufukuza wala la kuua lisikike kwenye mchezo wake, kwa hiyo aliandika hivi: *Kitambaa hiki hakikushonwa hapa! Funga duka!* Na hayo yalipaswa kusikika hadi kwenye vibanda vya viazi.

Nilijaribu. Kilichotoka kilikuwa pumzi.

"Tairi yako inatoka upepo," motari alisema.

Nilijaribu tena, na tena jioni ya pili, na ya tatu. Dada hakunikasirikia. Alinivuta kando akaniambia kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko ukali. "Mudogo wangu, hakuna mwenye kutembea sawa wewe. Lakini kama ku soko sauti haitoke, kwenda Nyakabuye na Rwimbogo nitapanga motari kwa nafasi yako. Utanielewa?"

Nilimwelewa. Mchezo ungezunguka hadi kule chini kuelekea tambarare ya Bugarama, na mimi ningebaki barazani na pini zangu, huku motari akipapasa vitambaa kwa vidole vyenye oili. Mwaka ule hakuna kitu nilichokitaka kama kubaki seli T. Nilikuwa nimelipata jambo langu, na lilikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia, nao ni mdomo wangu.

Nikatafuta mahali pa kupigia kelele. Nyumbani haiwezekani, barazani haiwezekani, kando ya ziwa kuna wavuvi na wana maneno. Mwishowe nilipata: karibu na uwanja wa ndege. Ndege ikiruka, ngurumo yake inafunika kila kitu, na mtu anaweza kupasuka pembeni ya shamba la maharagwe bila mwanadamu kujua. Nikawa naenda kuisubiri. Ikianza kukimbia kwenye njia yake, mimi navuta pumzi, ikiinuka nafungua mdomo. "Kitambaa hiki hakikushonwa hapa!" Nilipiga kelele hadi machozi yakanitoka. Sauti ilikuwepo! Ilikuwa nene, ilikuwa ya mwanaume, nilifurahi nikaruka kama ndama.

Siku nyingine ndege ikageukia ziwani upesi kuliko kawaida, ngurumo ikakatika, na mimi nikawa katikati ya sentensi. "Funga duka!" Kilima kizima kilisikia. Mama aliyekuwa akipalilia maharagwe aliinua mgongo.

"Duka gani?" aliuliza.

Nilikimbia hadi barabarani.

Siku ya soko ilipokaribia, tulichagua vitambaa vya mchezo. Hapa lazima niseme jambo kuhusu baraza letu. Mafundi wote, tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho, tunatupa mabaki yetu kwenye gunia moja kubwa lililo nguzoni, na mtu wa kujaza mito huja kulichukua. Ndivyo ilivyo tangu nilipoanza kazi. Gunia ni la wote, na hakuna anayejua kipande kipi kilitoka kwa nani. Nililiburuta hadi kituo cha afya tukalimwaga kwenye nyasi.

Vya nyumbani vilikuwa rahisi: buluu ya sare za shule, kaki, nyeupe, ile nyekundu ya mashuka. Kwa virusi dada alitaka kitu ambacho mtu akikiona mara moja hakisahau. Motari alizama gunini hadi mabegani, akatoka na kipande cha kitenge cha manjano, chenye samaki wa kijani. Samaki wale walikuwa na midomo. Midomo myekundu, minene, kama wamepaka rangi kwenda harusini.

Tulikitazama kwa heshima.

"Yezu wangu," dada alisema. "Muntu gani anaweza kuvaa kitu sawa hii?"

"Hata samaki mwenyewe hawezi," motari alisema.

Tukakichukua.

Siku ya mchezo watu walijaa mbele ya lango la soko. Dada alikuwa ameleta mabenchi kutoka kituoni kwa ajili ya wageni wa heshima, nami sikutazama ni nani waliokuja kuyakalia. Sikutazama kitu chochote. Nilikuwa nimejipa sharti la kuangalia vibao na vidole vyangu tu, kwa sababu nilijua nikiona uso mmoja ninaoujua nitakufa.

Mchezo ulianza, na motari alikuwa moto kabisa. Alikaa kwenye chumba cha ndani, yaani nyuma ya shuka, shuka fupi, watu wakamwona wote. Alivuta kitambaa cha kaki, kikatoka, akakirusha kwa watu. Alivuta cha buluu, kikatoka, akakirusha. Watoto waligombania.

"Papa, acha hata kimoja!" mtu alipiga kelele.

"Sitaki bilegevu!" motari akajibu. "Mimi nataka chenye kushika!"

Mwishowe kikashika cha buluu, kikashika cheupe, vibao vikatoka nje vikashikwa na wenzangu, na nikaingia mimi. Nilipapasa. Nilizunguka. Niligusa cha buluu, nikasimama, nikasikiliza, nikaondoka, na nikasikia watu wakicheka, kicheko kizuri, cha watu wanaofuata. Mtoto mmoja alisema, "Anajua! Anajua kama ni yetu!" Vidole vyangu vilikuwa vinacheza.

Ndipo motari akaingiza samaki. Nilisikia vifundo vikigonga matundu, toko, toko. Alivuta kwa mkono mmoja. Akavuta kwa miwili. Akaweka mguu kwenye kibao.

"Mama yangu! Hii nayo inashika!" akasema, na kweli hakuwa akiigiza. Akaachia kibao kikatoka nje.

Nilikiendea. Niliweka vidole. Nilivuta pumzi hadi mbavu zikasema, na nikawaza ndege inakimbia, inakimbia, inainuka, nikafungua mdomo.

"KITAMBAA HIKI HAKIKUSHONWA HAPA! FUNGA DUKA!"

Sauti ilitoka. Jamani, ilitoka! Ilifika kwenye viazi ikapita. Njiwa waliruka kutoka paa la soko. Nilibaki nimesimama na mdomo wazi, furaha imenijaa hadi kwenye nywele, nikisubiri makofi.

Hakuna aliyepiga makofi. Hapo nikainua macho.

Mabenchi ya mbele yote yalikuwa ya manjano. Akina mama wanaouza sambaza, hao hao tunaonunua kwao samaki wadogo wa ziwa kila siku, walikuwa wamekuja na sare mpya ya kikundi chao, mara ya kwanza kuivaa, na kwenye kila kifua, kila bega na kila kilemba samaki wa kijani walikuwa wakinitazama na midomo yao myekundu.

Mwenyekiti wao akasimama. Sisi sote humwita Maman Prezida. Ni mwanamke mkubwa, na akisimama anasimama kwa awamu.

"Fundi," alisema. "Rudia kidogo."

Nyuma kabisa ya watu, fundi anayekaa mwisho wa baraza letu alipanda juu ya kiti chake. "Hakikushonwa hapa?" alipaza sauti. "Nimekishona mimi! Mwezi mzima! Kwa siri, maana walitaka iwe sapraizi!"

"Umesikia?" Maman Prezida aliniuliza. "Kimeshonwa hapa. Ku baraza yako. Sasa ni duka la nani tufunge?"

Nilimtafuta dada. Alikuwa amejificha nyuma ya shuka fupi, na nilivyoona mabega yake yanavyotikisika sikujua analia au anacheka. Motari alikuwa ameshika kibao kifuani akimwomba Mungu. Hakukuwa na ndege ya kunifunika wala pini mdomoni, na watu wote walikuwa wananisubiri mimi.

"Maman," nilisema, na ajabu ni kwamba sauti bado ilikuwa wazi, kama mlango ambao mtu amesahau kuufunga. "Maman, nimekosea. Lakini hata ndani ya mwili wanakosea hivi."

"Aha."

"Hapa nyuma ya mfupa wa kifua kuna shule ya seli T. Kabla hawajatoka, wanaonyeshwa vitambaa vya nyumbani. Anayepigia kelele kitambaa cha nyumbani anafeli, haruhusiwi kutoka. Wengi wanafeli. Mmoja akiponyoka, anaanza kufunga maduka ya mwili wake mwenyewe, na mtu anaumwa viungo, au sukari inampanda."

"Na wewe," Maman Prezida alisema polepole, akiwageukia wenzake, "wewe ulipitaje ku ile shule?"

"Nilikopi, Maman."

Sijui ilitoka wapi. Maishani mwangu sikuwahi kusema utani mbele ya watu zaidi ya wawili. Mama mmoja wa benchi la mwisho alitoa mlio kama birika, na soko zima likaanguka. Maman Prezida alicheka akaketi, kwa awamu zile zile. Baba mdogo, niliyemwona sasa, alikuwa ameshikilia nguzo ya lango.

"Basi anza upya!" Maman Prezida alisema akijifuta macho. "Leta virusi ingine. Yenye haiko yetu!"

Lakini ilikuwa ipi? Nilichukua gunia la mabaki, tulilokuja nalo. Nikainua kipande cha kahawia. "Hii?"

"Hiyo suruali ya bwana wangu!" mama mmoja alisema.

Nikainua cha zambarau.

"Ya mukwe wangu! Acha!"

Nikainua cha maua. "Hicho ni pazia letu!" watoto wawili walisema pamoja. Kila nilichoinua kilikuwa na mwenyewe, na watu walianza kufurahia, wakawa wanasubiri niinue ili wadai. Walidai hata ambavyo si vyao, nina hakika. Kamembe nzima ilikuwa gunini. Nikaelewa, nikiwa na mikono iliyojaa vipande, jinsi ilivyo kazi kumpata asiye wa nyumbani, na nikawaambia hivyo, kwa sauti, bila hata kufikiri. "Mnaona? Wanaopita nje wanagusa vya kwetu siku nzima, maisha yote! Cha virusi ni kimoja kati ya hivi vyote!"

Ndipo Maman Prezida alipoingiza mkono chini ya kitenge chake cha samaki, akatafuta, akatoa kitu cheusi kilichokunjwakunjwa, akanirushia bila kuangalia upande wangu.

Ulikuwa mfuko wa plastiki. Sasheti.

Ng'ambo ya mto, Bukavu, mfuko huo hauna maana yoyote, uko kila mahali, unaruka barabarani kama ndege. Upande wetu umepigwa marufuku na hakuna mtu anayekubali kuwa nao. Niliuinua juu. "Hii ni ya nani?"

Hakuna aliyedai. Hata watoto hawakudai. Fundi wa mwisho alishuka kwenye kiti chake. Mama wa suruali ya bwana alianza kutazama mawingu.

"Maman?" niliuliza.

"Mimi?" alisema Maman Prezida. "Ile kitu mimi siijue. Imepita tu."

Motari aliufunga vifundo viwili. Akauweka mferejini, toko, toko, akavuta. Sasheti ikarefuka, ikarefuka, akarudi nyuma nayo hadi watu wakapiga yowe, kisha akaachia ikarudi mahali pake, paa! Imeshika. Kibao kikatoka nje, kijana aliyekishika akikunja uso kama amebeba nyoka.

Nilianza mbali. Nilipapasa cha buluu, wetu. Cheupe, wetu. Nilienda hata kwenye mabenchi nikagusa kwa ncha ya kidole kilemba cha samaki, nikasikiliza sana, na kusema, "Wetu," na akina mama wakapiga vigelegele. Halafu nikaifikia sasheti. Niligusa. Nilirudi. Nikagusa tena. Nilivuta pumzi, na nilipofungua mdomo sikuwa peke yangu. Soko lote, wauza viazi, watoto, mafundi, akina mama wa sambaza kwa sauti zao za kuitia wateja, wote walipiga kelele pamoja nami: "HAKIKUSHONWA HAPA! FUNGA DUKA!"

Kijana wa kibao alijifunga. Alikunja mikono, akajikunyata, akalala chini kwa utaratibu kama alivyofundishwa, na dada akatoka nyuma ya shuka macho yakiwa mekundu, akaeleza kwamba chanjo ndiyo inayompa anayepita nje nafasi ya kugusa kipande cha adui mapema, kabla adui mwenyewe hajaingia dukani. Sidhani walimsikiliza sana. Walikuwa bado wanaulizana sasheti imepotelea wapi, kwa sababu ilikuwa imepotea, na hadi leo haijulikani. Lakini foleni ya akina mama kwenye meza ya chanjo, na watoto wao migongoni, ilizunguka kona, na ilikuwa ya manjano.

Tulipokuwa tunakusanya vibao, motari alimwendea dada. Nilisikia. "Nyakabuye sasa nani atakuwa seli T? Mimi niko tayari, nimejifunza kugusa."

Dada alinitazama. Sikutazama chini.

"Ni mimi," nilisema. "Wewe endelea kuvuta. Lakini kitambaa, kule Nyakabuye, nachagua mimi, na kwanza nitazunguka mji mzima nione watu wamevaa nini."

"Eh!" Motari alimgeukia dada. "Muntu wako wa kunyamaza iko wapi?"

"Mi sijue," dada alisema akifunga gunia. "Imepita tu."

Tulicheka hadi fanta ikatutoka puani. Kisha nikaanza kumweleza motari makosa yake ya kuvuta, moja baada ya jingine, na alipowasha pikipiki ili asinisikie, nilipandisha sauti.